Sakafu ya Pijo

Ibra, Jumamosi, 21 Mei 1983

Wageni wa matanga wamekwisha kuondoka. Mikeka imekunjwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe, na mimi nimebaki ndani na hili daftari la hesabu la Zuhair, alilolitumia nusu akalichoka. Mwanangu huyo ni mtu mzima sasa, anafanya kazi benki huko Nizwa, na bado hajapata kulimaliza daftari hata moja. Basi hili nitalimaliza mimi. Nimo edani. Mume wangu Ghanim alizikwa mwisho wa Rajabu, na eda yangu itakwisha siku ya Idi ya kuchinja. Mpaka hapo sivai nguo za maua, sijitii manukato, sivuki mlango wa nje, na mwanamume asiyekuwa maharimu yangu hanioni.

Kabla ya kuondoka, Khelef, mdogo wake marehemu, alimtuma jirani yangu Kaltham aje chumbani.

"Anakuomba umpe radhi kwa niaba ya ndugu yake," Kaltham akaninong'oneza. "Anasema warithi wakisamehe, na marehemu kasamehe."

Nikamjibu: "Mwambie mimi si mlango wa nyuma wa Ghanim."

Jibu lilinifurahisha mpaka alasiri. Kisha nikalia.

Jumatatu, 23 Mei

Niandike kisa chenyewe, maana kila mtu hapa Ibra anakisimulia kivyake.

Tulipotoka Unguja kuja huku Omani, Ghanim na Khelef walifanya kazi bandarini Matrah. Wakachanga, wakanunua Pijo nyeupe iliyokwisha tumika. Likawa gari la ndugu wawili. Khelef akalipeleka Sur, akawa anachukua abiria mpaka Tiwi. Barabara ilikuwa haijatengenezwa, basi akipita ufukweni, na maji ya chumvi yakirukia chini ya gari kwenda na kurudi. Baada ya miaka miwili akalirudisha linang'aa, limepigwa rangi mpya, na wala hakusema neno. Chini ya rangi ile ilikuwa kutu tupu. Mashimo ya mlangoni kayaziba kwa puti, na sakafu ya nyuma kaifunika kwa gunia na lami, juu yake zulia.

Mwaka sabini na nne tulikuwa tunampeleka mama mkwe wangu, Bi Khole, kuzuru jamaa Al Kamil. Akaingia kiti cha nyuma. Alipokanyaga tu, sakafu ikaachia, mguu ukapita mpaka chini, na bati likamkata kufika mfupani. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidonda hakikupona, mguu ukakatwa, na mwaka uliofuata tukamzika.

Ghanim hakusema na nduguye tena. Gari akaliweka uani chini ya kibanda cha makuti, akalifunika turubai, akakataza lisiuzwe, lisitengenezwe, lisiguswe. Mimi nilijua ni hasira. Zuhair alikuwa mdogo, lakini tangu siku ile hamwamkii ami yake. Anapita mbele yake kama anayepita mbele ya mti. Nami sikumfunza vingine.

Mwezi huu, Ghanim alipozidiwa, Khelef alifika hadi mlango wa chumba. Ghanim akageuza uso ukutani. Mkono wake nilikuwa nimeushika mimi. Basi ukuta ule nimeurithi.

Alhamisi, 26 Mei

Hana haya huyu Khelef! Amekuja alfajiri na pikapu yake kutoka Al Kamil, kwenye gereji yake kando ya barabara ya Sur. Kashusha mitungi ya gesi, nyundo, mabati mapya, na gogo la mtende. Zuhair alikuwa nyumbani, akamkabili uani, nami nikawasikiliza dirishani.

"Gari hii tunauza sikrabu," Zuhair akasema. "Khalas. Hakuna kutengeneza."

"Nusu yake ni yangu, mwanangu. Nusu yangu nitaitengeneza."

"Na nusu yetu?"

"Na hiyo nitaitengeneza. Nitaipita vipi?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana mwenye eda akicheka dirishani watu watamwandika.

Ijumaa, 27 Mei

Nyundo tangu alfajiri. Kichwa kinaniuma. Alipoondoka, Kaltham alikuta kizingitini kwangu kitu kimefungwa gazetini. Nilidhani samaki. Kumbe ni kipande cha digadi, lile bati la juu ya gurudumu, kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa kama mkate wa juzi. Nikamwambia Zuhair akakitupe.

Jumatano, 1 Juni

Joto. Tende za naghal zimeanza kuiva. Hakuna jingine.

Alhamisi, 2 Juni

Leo kizingitini nimekuta sehemu ya chini ya mlango. Kutu, na puti imeshikamana nayo kipande kinene, nyeupe kama jibini. Nikashindwa kunyamaza. Nikasimama nyuma ya mlango nikapiga kelele: "Khelef! Nyumba yangu si jaa!"

Nyundo ikanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, nikajua na yeye amesimama nyuma ya mlango:

"Shemegi, mara ya kwanza nilifunika nikanyamaza. Mara hii kila ninachokikata utakiona kwanza, kabla sijafunika."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi kwa miaka yote ile. Kipande sikukitupa. Nimekiweka nyuma ya mlango, sijui kwa nini.

Jumapili, 5 Juni

Kaltham amekaa nami mchana kutwa. Amezaliwa Bujumbura, mwenzangu wa Ibra toka tumefika, na sina mtu mwingine wa kunisukia nywele. Lakini kila akiondoka namkumbuka na sinia langu. Hilo nalo niliandike, maana eda imenipa nafasi ya kukumbuka kila dhuluma.

Lilikuwa sinia la enameli lenye mawaridi mekundu, nililokuja nalo kutoka Unguja. Chini nililitia nukta tatu za rangi ya kucha, kama tunavyotia vyombo vyetu alama ili vikenda harusini visipotee. Kaltham akaliazima kwa harusi ya bintiye, mwaka ule ule wa sabini na nne. Halikurudi. Yeye huapa kwamba alimkabidhi Ghanim mlangoni mkononi kwake. Nilimuuliza Ghanim wakati ule, akasema: "Sinia lipi? Mimi sikuona sinia." Sasa nani mwongo, mume wangu au jirani? Nikanyamaza, lakini tangu hapo simwazimi hata kijiko.

Jumanne, 14 Juni

Ramadhani. Nilisema moyoni, sasa atapumzika na nyundo yake.

Ijumaa, 17 Juni

Hakupumzika. Amekuja na saumu yake katika moto huu, akafanya kazi toka alfajiri mpaka adhana ya Ijumaa. Nimemtazama kwenye upenyo wa dirisha. Anakata bati jipya, analilaza juu ya gogo la mtende, analigonga polepole, analinyanyua, analipima kwenye upande mzima, analirudisha tena kwenye gogo. Kipande kimoja asubuhi nzima. Nywele zimekuwa nyeupe. Sikujua kama amezeeka.

Jumatatu, 20 Juni

Kaltham amekuja na habari ananing'iniza midomo.

"Mahfoudha, dada, usijipe presha, lakini watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba huwezi kuposwa ukiwa edani, basi Khelef anaposa kwa nyundo."

Nikacheka kwanza. Baadaye nikaghadhibika mpaka futari haikushuka. Mumewe mtu hajamaliza miezi miwili kaburini!

Alhamisi, 23 Juni

Bila shaka habari imemfikia Khelef. Leo kaja na mkewe Wadha, kamkalisha uani kwenye kiti, mbele ya lango lililo wazi, kila mpita njia amwone. Masikini yule mwanamke kakaa kama mtungi hadi adhuhuri, analisikiliza bati. Maneno yatakwisha, ila Wadha naye labda amekwisha kuchoka na maisha.

Jumanne, 12 Julai

Idi ndogo. Khelef amekuja kutoa mkono wa Idi. Zuhair alikuwa anatoka msikitini na kanzu yake mpya. Nimeona dirishani: ami yake kanyoosha mkono, na mwanangu kampita. Khelef akabaki na mkono hewani, kisha akajifanya anapangusa vumbi kwenye boneti.

Niliona vibaya. Sikutaka kuona vibaya, lakini ndivyo nilivyoona.

Alhamisi, 21 Julai

Wanachemsha tende za mabsli mtaa mzima, moshi umeingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Khelef kamaliza milango. Nyuma ya mlango wangu vipande vimekuwa rundo. Nimejishika leo nikimngoja aondoke ili nikaone kaniwekea nini.

Ijumaa, 5 Agosti

Kipande cha buti ya gari. Kutu kidogo tu. Nilivunjika moyo, kama kwamba nimeletewa zawadi ndogo.

Ijumaa, 12 Agosti

Zuhair ananiuliza: "Mama, wewe unafurahi na mtu huyu?" Nikamwambia sifurahi. Akasema: "Baba hakutaka gari hii iguswe hata kidogo. Sisi tunamfanyia nini?" Mwanangu ana haki. Lakini nimeanza kufikiri kwamba kipande kimoja ndicho kitakachoniamulia: sakafu ya nyuma. Khelef akiniletea sakafu ile mlangoni, ile iliyomla mama yake mguu, basi nitampa radhi anayoitaka. Nimekwisha kuweka nia.

Alhamisi, 18 Agosti

Leo ameanza kukata sakafu. Nimekaa karibu na dirisha na tasbihi, sikuhesabu kitu. Gesi ikavuma, bati likalia, kisha kimya. Akaondoka mapema. Kizingitini hakuna kitu.

Ijumaa, 19 Agosti

Hakuna tena. Na tayari anaunga bati jipya. Nikasimama nyuma ya mlango.

"Khelef. Kipande cha sakafu kiko wapi?"

Nyundo ikasimama. "Kilikuwa kimelika, shemegi. Kimevunjika-vunjika. Hakuna cha kuona."

"Uliniambia kila kitu nitakiona kwanza."

"Hicho hakina cha kuona," akasema tena, na nyundo ikaanza.

Haya! Digadi niione, mlango niuone, buti niione, na pale palipomuua mama yake pasionekane! Kumbe miezi yote hii alikuwa ananilisha vipande vidogo nishibe nisiulize kikubwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye kifo kimekwisha kumuumbua mara moja na bado hajakoma. Nimemwambia Kaltham amfikishie: radhi yangu hapati, si leo wala siku ya kiyama. Nimeandika hivi kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi. Na bora itoboe.

Alhamisi, 25 Agosti

Kaja, kaunga bati, kaondoka.

Ijumaa, 26 Agosti

Leo nitaandika yote.

Wanaume walikwenda kusali Ijumaa, Khelef na Zuhair pia, mmoja mbele mwingine nyuma, kila mtu na njia yake. Mtaa ukawa mtupu. Uani ni ndani ya nyumba yangu, sijavuka mlango wa nje, basi nikajitanda nikatoka. Nilikuwa nimeazimia kuitafuta sakafu ile niitupe miguuni pake arudipo.

Nikaangalia ndani ya gari kwanza. Bati jipya, la kijivu, limeungwa ukingoni mstari mmoja uliotulia. Nikafukua rundo la vyuma, hakuna. Nikatazama nyuma ya tangi la maji, hakuna. Pikapu yake, aliyoiegesha uani, ilikuwa wazi. Chini ya kiti nikagusa kitu kipana, kimefungwa katika gunia la tende.

Nikafungua, na mawaridi mekundu yakanitazama.

Sikufahamu kwanza. Nilifikiri, sinia langu linafanya nini kwenye gari la Khelef, Kaltham alimpa Khelef? Kisha nikaona lami imeganda juu yake, na nyuzi za gunia. Nikaona limekatwa pembe likae vizuri, na ukingo wote umepigwa riveti kwenye kipande cha sakafu kilichooza. Katikati limepasuka, kwa upana wa mguu wa mtu. Nikaligeuza. Nukta tatu za rangi ya kucha zilikuwa pale pale.

Riveti zile nazijua. Ndizo alizozibia birika langu la kahawa, kichwa kimoja kimoja kimelala upande, kwa sababu Ghanim alikuwa mtu wa mkono wa kushoto na nyundo yake haikupata kwenda sawa.

Nikakaa chini kwenye mchanga wa moto.

Basi alijua. Alilifunua zulia, akaiona sakafu imeoza, akachukua sinia langu kutoka mkononi mwa Kaltham akalipigilia juu ya shimo, akarudisha gunia na lami na zulia kama alivyovikuta. Labda alisema nitalitengeneza vizuri baada ya safari hii. Namjua, alikuwa mtu wa kusema baada ya safari hii. Kisha akamshika mama yake mkono akamkalisha hapo hapo. Na mguu ulipopita, akanyoosha kidole kwa nduguye, na kidole hakikushuka mpaka alipokufa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wala mimi sikumuuliza hata siku moja ngozi nyingine ilikwenda wapi.

Ndiyo maana gari lisiguswe. Ndiyo maana uso ukutani. Nilidhani hataki kumwona Khelef, kumbe alikuwa hataki Khelef amwone yeye.

Na Khelef ameliona sinia wiki iliyopita. Angeliniwekea mlangoni angelikuwa mtu safi mbele ya Ibra nzima. Akalifunga guniani, akakubali nimwite mwongo.

Nilisikia watu wanatoka msikitini. Nikalichukua sinia nikaingia nalo ndani.

Ijumaa, 2 Septemba

Anapiga rangi. Bila shaka ameona gunia halina kitu. Brashi inakwenda na kurudi tu.

Jumatano, 7 Septemba

Kaltham kanisuka. Mikono yake kichwani mwangu, na sinia chini ya kitanda, futi mbili kutoka miguuni pake. Nilishindwa kumtazama. Akaniuliza naumwa. Nikamwambia joto.

Jumapili, 11 Septemba

Sijui la kufanya. Anayemsitiri mwenzake Mungu humsitiri, hilo nimefundishwa toka chuoni kwa mwalimu. Ghanim ni maiti, hawezi kujitetea, na mimi ndiye mjane wake. Nikisema, namvua nguo kaburini. Nikinyamaza, mwanangu ataendelea kumpita ami yake, atawarithisha wanawe, nao watapita. Na nimempenda Ghanim. Nampenda hata leo, na leo nimemkasirikia kiasi cha kushindwa kumsomea Yasini mpaka mwisho. Ungesema tu, Ghanim. Ungesema tu, ungelikuwa na ndugu wa kukushika mkono mwingine.

Jumamosi, 17 Septemba

Idi. Baada ya magharibi nimeoga, eda imekwisha. Nimevaa kanga ya maua na haikunifurahisha.

Jumapili, 18 Septemba

Leo wamefukua nyama ya shuwa iliyookwa shimoni, harufu imejaa mtaa. Kaltham alikuja kusaidia mchele. Khelef alimleta Wadha, na Pijo lilikuwa uani jeupe, milango wazi. Zuhair akanifungulia mlango wa mbele.

"Kaa hapa, mama."

Nikazunguka nikaingia nyuma, pale alipokaa bibi yake. Nikakanyaga kwa mguu mmoja, kisha wa pili, kisha nikasimama kwa uzito wangu wote kichwa kikigusa dari. Sakafu haikulia. Khelef alikuwa anaitazama miguu yangu.

"Khelef," nikasema, "uliniomba radhi kwa niaba ya ndugu yako. Umesamehewa. Na mimi nakuomba yako, kwa niaba yake."

Akamtazama Zuhair haraka, akanitikisia kichwa. "Shemegi, Ghanim hana kosa kwangu."

"Na sinia langu?"

"Sinia lipi? Mimi sikuona sinia."

Maneno yale yale ya nduguye, na sauti ile ile. Mmoja alisema ajifiche, mwingine anasema amfiche mwenzake, na mimi nimechoka na watu wa kuficha, hata wakificha kwa wema. Nikaingia ndani, nikatoka nalo, nikaliweka mkekani mbele yao, pale ambapo Wadha alikuwa anataka kuweka nyama.

Nikawaambia. Sikupamba, sikupunguza.

Zuhair uso ulimwiva. "Baba amekufa, mama! Unamfedhehesha kwa nini?"

Khelef ndiye aliyemjibu. "Hakuna fedheha. Mimi shimo nililiwekea gunia. Baba yako aliliwekea bati. Alijaribu zaidi yangu."

Kaltham akainama, akaligeuza sinia, akazisugua nukta tatu kwa kidole gumba.

"Si nilikwambia nilimpa mumeo mlangoni?" akasema, na machozi yanamtoka. "Si nilikwambia, Mahfoudha?"

"Uliniambia," nikasema. "Nisamehe."

Zuhair alikuwa amesimama amelishika bawa la mlango wa gari. Nilidhani atatoka langoni. Akatembea mpaka kwa Khelef, akasimama mbele yake, mikono hajui aiweke wapi.

"Shikamoo, ami."

Khelef akaitazama sakafu ya Pijo.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Marahaba, mwanangu."